Umejuaje? Michezo ya Kufikiri kwa Watoto Wetu Nyumbani



Wazazi wengi vijijini husema, "Mimi sikusoma sana. Kumfundisha mwanangu ni kazi ya mwalimu." Wengine husema, "Mtoto akicheza anapoteza wakati." Maneno haya mawili yanasikika kila mahali. Lakini yote mawili yanawanyima watoto wetu kitu ambacho tayari tunacho nyumbani.

Ni kweli kwamba mwalimu ndiye atakayemfundisha mtoto kusoma, kuandika na kuhesabu. Lakini darasani watoto ni wengi na mwalimu ni mmoja. Hawezi kumsikiliza kila mtoto akieleza mawazo yake mpaka mwisho. Nyumbani wewe unaweza. Unaweza wakati wa kupukuchua mahindi, wakati wa kuchambua maharage, au jioni mnapongoja chakula kiive. Huhitaji kununua kitu. Unahitaji kokwa, vijiti, mchanga na swali moja fupi. Swali lenyewe ni hili: "Umejuaje?"

Katika somo hili tutajifunza namna ya kutumia vitendawili, mafumbo na bao ili watoto wajifunze kufikiri. Soma polepole. Kila unapofika kwenye fumbo, simama kwanza ujaribu mwenyewe kabla ya kuendelea.

KUKARIRI NA KUFIKIRI

Kukariri ni kushika jambo kichwani kama ulivyoambiwa. Kukariri si kubaya. Mtoto akikariri kwamba saba mara nane ni hamsini na sita, atafanya hesabu upesi. Lakini kukariri peke yake hakutoshi. Tazama fumbo hili.

Mkulima ana kamba yenye urefu wa mita 10. Anataka kupanda mahindi katika mstari. Anachimba shimo la kwanza mwanzo kabisa wa kamba. Kisha anachimba shimo kila baada ya sentimita 50, mpaka mwisho kabisa wa kamba. Je, atachimba mashimo mangapi?

Watu wengi hujibu upesi, "Mashimo 20." Wanakumbuka hesabu ya kugawanya waliyofundishwa. Mita 10 ni sentimita 1,000. Ukigawa kwa 50 unapata 20. Hesabu ni sahihi, lakini jibu si sahihi.

Sasa tufikiri. Tuchukue kamba fupi ya mita 1 tu. Shimo la kwanza liko mwanzoni. La pili liko katikati, kwenye sentimita 50. La tatu liko mwishoni. Nafasi ni 2, lakini mashimo ni 3. Mashimo yanazidi nafasi kwa moja, kwa sababu tulianza na shimo. Basi kwa kamba ya mita 10 nafasi ni 20, na mashimo ni 21. Mkulima akiweka mbegu 2 kila shimo, atahitaji mbegu 42 kwa mstari mmoja.

Umeona tulichofanya? Tulipokutana na jambo kubwa, tulijaribu kwanza jambo dogo la namna ileile. Huko ndiko kufikiri. Mtoto anaweza kufundishwa kufanya hivyo, na mtu mzima pia.

Mwaka 1967 Mwalimu Julius Nyerere aliandika kijitabu kiitwacho Elimu ya Kujitegemea. Humo alieleza kwamba elimu yetu hapana budi imjengee mtu akili ya kudadisi. Pia imwezeshe kujifunza kutokana na wafanyayo wengine, kisha aamue mwenyewe lipi la kukubali na lipi la kukataa. Tena imfanye ajiamini. Mambo hayo hayapatikani kwa kukariri. Yanapatikana kwa mazoezi, na mazoezi yanaweza kuanza nyumbani.

KITENDAWILI SI JIBU TU

Tuanze na kitu ambacho kila nyumba inacho. Vitendawili tulirithi kwa bibi na babu zetu. Mtegaji husema, "Kitendawili!" Wengine hujibu, "Tega!" Lakini kuna hatari moja. Watoto wengi huvikariri vitendawili pamoja na majibu yake. Ukisema, "Kuku wangu katagia mibani," wote wanapiga kelele, "Nanasi!" Hapo hakuna aliyefikiri.

Soma mazungumzo haya ya bibi na mjukuu wake. Bibi ameshika yai mkononi.

Bibi: Kitendawili!

Mjukuu: Tega!

Bibi: Nyumba yangu haina mlango.

Mjukuu: Yai!

Bibi: Umejuaje?

Mjukuu: Juma aliniambia shuleni.

Bibi: Haya, mwache Juma na shule yake. Wewe tazama yai hili. Kwa nini limeitwa nyumba?

Mjukuu: Kwa sababu ndani yake hukaa kifaranga.

Bibi: Na mlango je?

Mjukuu: Hakuna, bibi. Akitaka kutoka huvunja ukuta.

Bibi: Vema. Na mtu akinijibu kwamba ni nazi? Nazi nayo haina mlango.

Mjukuu: Nazi ... Ndani ya nazi mna maji tu. Hakuna anayekaa humo. Tena nazi ina vijitundu vitatu.

Bibi: Basi lipi linafaa zaidi?

Mjukuu: Yai, bibi. Nyumba ni ya kukaliwa.

Bibi huyu huenda hajui kusoma hata herufi moja. Lakini amemfundisha mjukuu wake mambo matatu makubwa. Kwanza, jibu lazima liwe na sababu. Pili, jibu la mtu mwingine lipimwe kabla ya kukataliwa. Tatu, kati ya majibu mawili, tuchague lile lenye sababu nzuri zaidi. Mtoto anayefanya hivyo kwa yai na nazi anajizoeza kufanya hivyo kwa mambo mengine.

Njia nyingine ni kumwambia mtoto atunge kitendawili kipya. Mpe kitu anachokijua: jembe, chungu, baiskeli, mvua. Mwambie, "Tunga kitendawili ambacho jibu lake ni ndoo ya kisimani." Atahitaji kujiuliza ndoo inafanya nini. Inashuka ikiwa tupu. Inapanda ikiwa imejaa. Labda atasema: "Mwanangu hushuka na njaa, hupanda ameshiba." Kazi hii ni ngumu kuliko kujibu. Inamfanya mtoto atazame kitu kwa makini na kutafuta kinafanana na nini.

Mtoto akishindwa kujibu, usikimbilie kudai mji. Mruhusu kwanza aulize maswali matatu ambayo jibu lake ni "ndiyo" au "siyo". "Je, kina uhai?" "Je, kinaliwa?" "Je, kiko ndani ya nyumba hii?" Atajifunza kwamba swali zuri hupunguza kazi. Swali la "Je, kina uhai?" huondoa vitu vingi kwa mara moja. Swali la "Je, ni kijiko?" huondoa kimoja tu.

FUMBO LA KUVUKA MTO

Sasa tutazame fumbo la zamani sana. Wazungu waliliandika katika vitabu vyao zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Wao walitaja mbwa mwitu, mbuzi na kabichi. Sisi tuna chui, mbuzi na majani.

Mtu mmoja amefika ukingoni mwa mto. Ana chui, mbuzi na mzigo wa majani. Mtumbwi ni mdogo. Unaweza kumbeba yeye na kitu kimoja tu. Akimwacha chui na mbuzi peke yao, chui atamla mbuzi. Akimwacha mbuzi na majani peke yao, mbuzi atakula majani. Chui hali majani. Je, atavushaje vyote vitatu vikiwa salama?

Usimweleze mtoto kwa maneno tu. Chora mistari miwili mchangani iwe kingo za mto. Kipande cha gome kiwe mtumbwi. Jiwe liwe chui, kokwa iwe mbuzi, na jani liwe majani. Mwache mtoto asogeze vitu kwa mkono wake. Mkono ukifanya kazi, akili hufuata.

Mara nyingi mtoto huanza kwa kumvusha chui, kwa sababu chui ndiye anayeogopesha. Usimwambie, "Umekosea!" Muulize tu:

"Nani wamebaki ukingo huu?"

"Mbuzi na majani."

"Sasa itakuwaje?"

"Mbuzi atakula majani."

Tayari amejisahihisha mwenyewe. Mwache ajaribu tena. Atagundua kwamba safari ya kwanza ni lazima amvushe mbuzi, kwa kuwa chui na majani wanaweza kubaki pamoja bila madhara. Kisha mtu anarudi peke yake. Safari inayofuata anamvusha chui. Hapa ndipo watoto wengi hukwama. Akimwacha chui ng'ambo pamoja na mbuzi, mbuzi ataliwa. Wengine huona fumbo limeshindikana.

Usimpe jibu. Hata kama atalala bila kulipata, mwache. Kesho atarudi nalo. Ukitaka kumsaidia, muulize hivi: "Je, kuna mtu aliyesema kwamba mtumbwi ukirudi lazima uwe mtupu?" Swali hilo linatosha. Atatambua kwamba mbuzi anaweza kurudishwa alikotoka.

Basi safari zote ni hizi:

1. Anamvusha mbuzi.
2. Anarudi peke yake.
3. Anamvusha chui.
4. Anarudi na mbuzi.
5. Anamwacha mbuzi, anavusha majani.
6. Anarudi peke yake.
7. Anamvusha mbuzi.

Ni safari 7. Ugumu wote uko katika safari ya 4. Hapo mtu anaonekana kama anaharibu kazi aliyokwisha kufanya. Mtoto anajifunza kwamba pengine kurudi nyuma ndiyo njia ya kufika. Hata fundi wa nyumba hufanya hivyo. Akiona ukuta umepinda hubomoa mistari miwili ya matofali, kisha hujenga tena.

NANI ALIFANYA KAZI GANI?

Fumbo la namna ya tatu linamfundisha mtoto kuondoa yasiyowezekana mpaka libaki linalowezekana. Soma:

Asha, Juma na Neema walifanya kazi asubuhi. Mmoja aliteka maji kisimani. Mmoja alikata kuni. Mmoja alichunga mbuzi. Asha hakwenda kisimani. Juma hakwenda kisimani wala hakuchunga mbuzi. Je, kila mmoja alifanya kazi gani?

Chora mchangani jedwali la vyumba tisa. Majina yawe upande, kazi ziwe juu. Jambo lisilowezekana litiwe alama ya msalaba. Linalowezekana liwekwe kokwa.

Tuanze na yule tunayejua mengi habari zake. Juma hakuteka maji. Juma hakuchunga mbuzi. Basi Juma alikata kuni. Kama Juma alikata kuni, Asha hakukata kuni. Asha hakuteka maji pia. Basi Asha alichunga mbuzi. Kazi iliyobaki ni kuteka maji, na mtu aliyebaki ni Neema.

Angalia maneno mawili tuliyotumia: "kama" na "basi". Maneno haya ni madogo lakini yana nguvu. Mzoeze mtoto kuyasema kwa sauti. Mtoto anayesema, "Kama hivi, basi vile," anaonyesha njia aliyopita. Ukiona amepotea njia, utajua alipotea wapi.

Wewe mwenyewe unaweza kutunga mafumbo kama haya. Tumia majina ya watoto wako na kazi za nyumbani kwako. Watacheka, na watafikiri.

BAO: KUTAZAMA MBELE

Bao ni mchezo wa heshima katika nchi yetu na katika pwani yote ya Afrika Mashariki. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuwa mpenzi wa bao. Majirani zetu nao wanayo michezo ya jamaa moja na bao. Uganda huitwa omweso, na Rwanda huitwa igisoro. Bao letu lina safu 4 za mashimo 8, yaani mashimo 32. Kete zake ni 64, na mara nyingi ni mbegu za komwe.

Sheria za bao kubwa ni nyingi. Kwa hiyo wanaoanza hucheza bao la kujifunza, ambalo kila shimo huwekwa kete 2. Kama kijijini kwenu yuko mzee ajuaye bao, mpeleke mtoto kwake akajifunze. Lakini hata kabla ya hapo, unaweza kumpa mtoto zoezi hili.

Chimba mashimo 8 madogo kwa kuzunguka, kama duara. Yape hesabu kuanzia 1 mpaka 8. Weka kete 5 katika shimo la 1. Mwambie mtoto, "Ukizichota hizi na kutia moja moja katika mashimo yanayofuata, ya mwisho itaangukia wapi? Usiguse kwanza. Niambie, halafu tutazame." Jibu ni shimo la 6. Sasa weka kete 11 katika shimo la 1. Hapa atazunguka duara lote na kupita pale alipoanzia. Kete ya mwisho itaangukia shimo la 4.

La muhimu ni kusema kwanza, kisha kutazama. Mtoto akigusa kwanza, anabahatisha. Akisema kwanza, anapima akili yake mwenyewe. Akikosea ataona kwa macho yake, bila wewe kumwambia neno. Mchezaji hodari wa bao huziona kete zikitembea kabla hajazigusa. Tena hujiuliza, "Nikicheza hivi, mwenzangu atanijibuje?" Huko ndiko kutazama mbele.

Drafti nayo inafaa vilevile. Vizibo vya soda na kipande cha ubao vinatosha.

MCHEZO PEKE YAKE HAUTOSHI

Sasa tuseme ukweli. Mtoto akicheza bao sana atakuwa hodari wa bao. Hiyo haina maana kwamba atakuwa hodari wa kila kitu. Tunawajua watu mafundi wa bao ambao bado wanapunjwa kila msimu wakiuza mazao. Mchezo humjenga mtoto kwa yale anayoyafikiria na kuyasema wakati anacheza.

Mwaka 2008 wataalamu wawili wa Marekani, Geetha Ramani na Robert Siegler, walitoa matokeo ya uchunguzi wao. Waliwachukua watoto wadogo wa familia zenye kipato kidogo, ambao hawajaanza shule ya msingi. Watoto wengine walicheza mchezo wa kusogeza kete katika vyumba vilivyopangwa mstari mmoja na kuandikwa namba 1 mpaka 10. Kila waliposogeza walitaja namba. Wengine walicheza mchezo uleule, lakini vyumba vilikuwa na rangi badala ya namba. Walicheza mara nne tu katika majuma mawili, kila mara dakika 15 hadi 20. Waliotaja namba walizijua namba vizuri zaidi kuliko mwanzo. Hata baada ya majuma tisa walikuwa bado wanazikumbuka. Waliotaja rangi hawakupata faida hiyo.

Mchezo ulikuwa mmoja na muda ulikuwa mmoja. Tofauti ilikuwa katika kile walichokifikiria na kukisema. Tena muda wenyewe haukuwa mrefu. Kila mzazi anaweza kuupata.

Kwa hiyo, baada ya mchezo, lete swali lilelile kwenye kazi za kila siku. Hapa pana mifano mitatu.

Dukani. Unamtuma mtoto sabuni ya shilingi 700 na chumvi ya shilingi 500. Unampa noti ya shilingi 2,000. Kabla hajaondoka muulize, "Utaniletea chenji ngapi?" Akisema 800, muulize, "Umejuaje?" Akirudi na shilingi 700, atajua mwenyewe kwamba kuna kasoro.

Shambani. Mmekuta mihogo imeng'olewa. Usiseme mara moja, "Fulani ameiba." Muulize mtoto, "Kama ni nguruwe mwitu, tutaona nini?" Atasema tutaona ardhi imefukuliwa na alama za kwato. "Na kama ni mtu je?" Tazameni pamoja kabla ya kumtaja mtu yeyote. Majirani wengi wamegombana miaka mingi kwa sababu mtu mmoja alitaja jina kabla ya kutazama ardhi.

Gulioni. Mtu anauza dawa moja na anasema inatibu magonjwa yote. Mwanao aulize moyoni mwake, "Amejuaje? Nani amepona? Kabla ya hapo alipimwa wapi?" Mtoto aliyezoea kuuliza hivyo kwa vitendawili hatadanganyika upesi atakapokuwa mtu mzima mwenye fedha zake, shamba lake na watoto wake. Hatapoteza akiba yake, wala hatachelewa kumpeleka mgonjwa zahanati.

ADABU NA MASWALI

Wazazi wengine wana wasiwasi. Wanasema, "Mtoto akizoea kuuliza 'umejuaje', kesho atamuuliza babu yake. Hiyo si adabu." Wasiwasi huu una maana, wala tusiudharau.

Lakini adabu na kuuliza havigombani. Mfundishe mtoto namna ya kuuliza. Aamkie kwanza. Asikatize maneno. Kisha aseme, "Samahani babu, nataka kuelewa. Mlijuaje kwamba mvua itanyesha leo?" Babu wengi hufurahi kuulizwa hivyo. Ataeleza habari za upepo, mawingu na sisimizi, na mtoto atapata elimu ambayo haimo katika vitabu vyake vya shule. Mtoto akinyamazishwa kila siku, hajifunzi adabu. Anajifunza woga, na mtu mwoga hukubali kila asemalo mwenye sauti kubwa.

Na mtoto akikuuliza jambo usilolijua, usione haya. Sema, "Sijui, mwanangu. Tukamuulize nani?" Hapo umemfundisha kwamba kutojua si aibu, ila kutotafuta ndiyo hasara.

MAMBO YA KUEPUKA

1. Usimpe jibu upesi. Hesabu moyoni mpaka ishirini. Kunyamaza kwako ndiyo nafasi yake ya kufikiri.

2. Usimcheke wala kumwita mjinga. Mtoto akichekwa mara mbili, mara ya tatu hatajibu.

3. Usimpige kwa sababu ameshindwa fumbo. Mtoto anayeogopa kiboko hutafuta jibu la kukupendeza. Hatafuti jibu la kweli.

4. Usiruhusu mchezo wa fedha. Hiyo ni kamari, nayo huharibu watoto na nyumba.

5. Usiwaachie wavulana peke yao. Mara nyingi wavulana hukaa na bao kibarazani, na wasichana wako kisimani na jikoni. Wagawie watoto wote kazi ili wote wapate nafasi ya kucheza. Msichana naye atalima, atauza, atanunua na kulea. Akili yake ina kazi kubwa mbele.

6. Usizidishe. Robo saa kwa siku inatosha. Mchezo ukichosha, acheni mpaka kesho.

KAZI YA KUFANYA JUMA HILI

Siku ya kwanza, tega vitendawili vitatu. Kwa kila jibu uliza, "Umejuaje?" Siku ya pili, kila mtoto atunge kitendawili kimoja. Siku ya tatu, toa fumbo la kuvuka mto bila kutoa jibu. Siku ya nne, endelea na fumbo hilohilo. Siku ya tano, chimba mashimo 8 na ucheze zoezi la kete. Siku ya sita, mtume mtoto dukani na ufanye kama tulivyoeleza. Siku ya saba, mtoto ategee na wewe ujibu. Naye akuulize, "Umejuaje?"

Mtoto wa miaka 4 hadi 6 anafaa vitendawili vyepesi na kupanga kokwa kwa ukubwa au kwa rangi. Wa miaka 7 hadi 10 anaweza fumbo la kuvuka mto na zoezi la mashimo 8. Mkubwa zaidi anaweza bao, drafti na mafumbo yaliyo hapa chini. Lakini usifunge mlango. Mtoto mdogo akitaka kujaribu la wakubwa, mwache ajaribu.

MASWALI YA KUJADILIANA DARASANI

1. Kuna tofauti gani kati ya kukariri na kufikiri? Toa mfano kutoka shambani kwako.

2. Kwa nini bibi hakuridhika na jibu la mjukuu wake, ingawa lilikuwa sahihi?

3. Katika fumbo la kuvuka mto, kwa nini safari ya 4 ni ngumu kuliko nyingine?

4. Je, kijijini kwetu wasichana wanapata nafasi ya kucheza sawa na wavulana? Kama hawapati, tufanye nini?

5. Mtoto amuulizeje mtu mzima kwa adabu?

MAFUMBO YA KWENDA NAYO NYUMBANI

La kwanza. Una dumu la lita 5 na dumu la lita 3. Hayana alama yoyote. Uko kisimani penye maji mengi. Utapataje lita 4 kamili?

La pili. Mzee ana mti mrefu. Anataka kuukata vipande 6 vya kujengea. Kukata mara moja kunachukua dakika 5. Atamaliza baada ya dakika ngapi?

La tatu. Tafuta kitendawili hiki: Kila niendapo ananifuata.

MAJIBU (Jaribu kwanza, ndipo usome)

La kwanza. Jaza dumu la lita 5. Mimina katika dumu la lita 3 mpaka lijae. Katika dumu kubwa zimebaki lita 2. Mwaga maji ya dumu dogo. Mimina zile lita 2 katika dumu dogo. Jaza tena dumu kubwa. Sasa mimina katika dumu dogo mpaka lijae. Litachukua lita 1 tu. Katika dumu kubwa zimebaki lita 4.

La pili. Dakika 25. Ili kupata vipande 6 anakata mara 5 tu. Linganisha na fumbo la kamba na mashimo. Kule tuliongeza moja, huku tumepunguza moja. Kwa nini?

La tatu. Kivuli. Lakini mtoto akijibu jibu jingine, usilikatae. Muulize, "Umejuaje?"